Kasuku wangu mdomo umepinda, kula kunamshinda. Naombeni ushauri

NyarMamboleo: Habarini wapendwa. Nina kasuku wa kijivu, tunamwita Pilipili, niliyeachiwa na marehemu shangazi hapa Kisumu. Alipokuja kwangu mdomo wa juu ulikuwa umeelekea kushoto kidogo tu. Sasa ni miezi minane, na wa chini umeota kulia hadi ukimtazama kwa mbele ni kama mkasi ulioachwa wazi. Akichukua mbegu ya alizeti anaigeuzageuza kwa ulimi, inamponyoka, anashuka kuiokota, anajaribu tena. Jana nilihesabu: mbegu 11, alizomenya ni 3. Roho iliniuma. Jirani ananiambia niukate kwa kikata kucha. Naogopa. Kuna aliyepitia haya?

Baba Kasuku, Nakuru: Dada, hicho kikata kucha kiweke mbali kabisa. Ndani ya mdomo kuna mfupa, mishipa ya damu na ya fahamu. Wangu alikatwa hivyo na mtu aliyejiita mtaalamu. Ulipasuka karibu mpaka puani, damu ikamwagika, na siku mbili nzima hakugusa chakula. Sitasahau. Mdomo wa kasuku huota maisha yake yote, na kinachoupunguza ni juu na chini kusagana. Juu na chini zikishapishana, hakuna tena cha kuusaga, ndiyo maana wako unazidi. Daktari anayejua ndege huusaga kidogo kidogo kwa kimashine, na kila baada ya wiki kadhaa unamrudisha kwake. Wangu ni mkubwa, haukunyooka, lakini anakula.

Msomaji wa Njoro: Shangazi alikuwa akimlisha nini? Nauliza kwa sababu kasuku wa kijivu huishiwa kalsiamu upesi, na mbegu hazina ya kutosha. Inaweza pia kuwa jeraha la zamani, au ugonjwa wa ini, kwa hiyo daktari asiusage tu bila kutafuta chanzo. Angekuwa kinda, mdomo ungali laini, ungeweza kusukumwa kwa kidole taratibu ukarudi. Kwa mkubwa hilo limepita. Mpime kila asubuhi kabla hajala, kwa mizani ya jikoni, uandike. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, usingoje hata siku moja.

NyarMamboleo: Asanteni sana. Alikuwa akila alizeti na njugu karanga, basi. Leo ana gramu 388. Nimpe nini kwa sasa?

Mama Ndege: Pole mwanangu. Ponda viazi vitamu, chemsha maharagwe yaive kabisa, mpe yai la kuchemsha na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Avokado hata kipande usimpe, ni sumu kwake. Mtoe nje apate jua la asubuhi. La kupitia kioo cha dirisha halimsaidii. Na kibali cha kumfuga kutoka KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kipo? Ndege hawa wako katika orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi, ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, na huku kwetu Kakamega porini hawaonekani tena kama zamani. Ulizia mapema kuhusu kukihamishia kwako.

NyarMamboleo: Kibali nimekipata kwenye sanduku la shangazi, kesho nakipeleka ofisini kwao. Asubuhi hii ni gramu 391! Viazi amemaliza, vingine amejipaka kifuani. Daktari wa ndege nimempata Nakuru, Alhamisi tunapanda matatu ya alfajiri. Leso ya kufunikia tundu nishaifua.