Kundi la kuacha pombe hapa Dar: siku ya kwanza mtu unaingiaje?

FundiFriji: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Mimi fundi friji na AC, nakaa Mbagala, kazi nyingi napata Kariakoo na Upanga. Pombe nataka kuacha kabisa, habari ya kupunguza siiwezi. Asubuhi mkono unatetemeka mpaka bisibisi haikai kwenye skrubu, nikitoa loki kwa mafunda mawili ya konyagi unatulia. Mke wangu hajasema anaondoka, ila vyeti vya kuzaliwa vya watoto kavipeleka kwa dada yake Tandika. Kimya kimya tu, nimekuja kugundua nikitafuta kadi ya bima.

Mteja mmoja kanigusia AA, lile kundi la walevi wanaosaidiana kuacha. Sasa naomba kuuliza: mimi Muislamu, hapo si ulokole? Kiingereza changu cha kuombea maji. Wanaandika majina? Maana fundi anajulikana mtaa mzima.

MzeeWaKimara: Marahaba mwanangu. Mimi niko humo AA tangu viroba vya pombe havijapigwa marufuku, na vilipigwa marufuku Machi 2017.

Jina ni la kwanza tu, na ukitaka sema la utani. Daftari la mahudhurio hakuna. Unakuta viti vya plastiki vimepangwa duara, chai ya rangi kwenye chupa, mtu anaongea mpaka amalize na hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Hilo la kutopewa ushauri ndilo lililonishangaza, maana kwetu ukisema kichwa kinauma tu watu kumi wanakutajia dawa. Ukipenda kukaa kimya, kaa. Kiingilio hakuna, inapita bahasha ya chai na pango, huna unampasia jirani. Sharti ni moja: uwe unataka kuacha kunywa.

Dini: kitu hiki kilianzia Akron, Marekani, 1935, dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, wote walevi. Hatua 12 za kuacha pombe zinazofuatwa humo zinamtaja Mungu, lakini "kama tulivyomwelewa sisi". Swala ya Magharibi ikiingia, toka kaswali urudi, hakuna atakayekuuliza.

Kuwapata: ingia tovuti ya AA ya kimataifa utafute Tanzania, au uliza kliniki ya afya ya akili Muhimbili. Piga simu kabla hujatoka nyumbani, vikundi huhama ukumbi na kubadili saa. Uliza mambo mawili: lugha gani, na kama mkutano ni wa wazi au wa wenyewe tu. Wa wazi unaweza kwenda hata na mkeo.

NesiTemeke: Kaka, kabla ya kundi nenda hospitali. Huo mkono unaotetemeka asubuhi mpaka unywe maana yake mwili umeshaizoea pombe, usikate ghafla ukiwa peke yako chumbani. Kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu glasi ya mwisho. Degedege likija, mara nyingi ni ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuna wanaochanganyikiwa siku ya pili hadi ya nne, wanaona wadudu ukutani, na hapo mtu anaweza kufa. Watu wanaogopa arosto ya unga, kumbe ya pombe ndiyo inayoua zaidi. Daktari atakupa dawa za kutuliza kwa siku chache na vitamini B1. Usijinunulie diazepam duka la dawa.

Na ukielekezwa dirisha la methadoni, sema hapana. Hiyo ni ya heroini, pombe haihusiki.

Kidumu77: Mambo ya wazungu hayo. Mtu akitubu anaacha, basi.

MzeeWaKimara: Kidumu, mimi nilitubu kila Ramadhani, na kila Idi mosi saa nne asubuhi nilikuwa nimeshalewa. Toba na kundi havigombani.

MamaWawili: Shemeji, mwambie mkeo kuna Al-Anon, ya ndugu wa mlevi, ipo tangu 1951. Akikosa karibu, ipo mikutano ya kwenye simu. Aende hata kama wewe utaghairi, si lazima akusubiri. Na hivyo vyeti usiviulize kwa sasa. Vya wanangu mimi nilivipeleka Tabata, na mume wangu angeniuliza wiki ile ningeondoka kweli.

FundiFriji: Ahsanteni. Vyeti sitauliza. Jumatatu naanza Hospitali ya Temeke, kazi ya Upanga nimemwachia kijana wangu. Mzee, mikutano ya jioni inachukua muda gani? Kijiwe changu cha kunywea kipo Rangi Tatu, nikishuka daladala tu nimeshakaa kitini.

MzeeWaKimara: Saa moja, ikizidi sana saa na nusu. Shuka Zakhem kabla hujafika Rangi Tatu, chukua boda mpaka mlangoni kwako, na nauli yake uitenge asubuhi. Siku ya kwanza omba namba za simu za watu wawili watatu, watakupa bila kusita. Na uzitumie ukiwa bado kituoni, ukishakaa kijiweni hutapiga.

NesiTemeke: Jumatatu foleni ndefu, fika mapema. Kunywa chai na ule kitu kabla ya kutoka, na mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa kwa siku. Wagonjwa wengi wanasema "bia mbili", na dozi inapimwa kwa hilo.