Mrejesho: yule nesi wa kwenda Ujerumani ama kubaki Kenya

Wadau, mimi ni yule nesi niliyeuliza mwaka jana kama niende Ujerumani ama nikae tu hapa Kenya, mshahara unakatwa SHIF (bima ya afya ya serikali) 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, na bado wodini glavu tunajinunulia. Basi naenda. Kijerumani kimenitoa jasho jamani, mtihani wa ngazi ya B1 nilifeli sehemu ya kusikiliza mara ya kwanza, B2, ngazi inayofuata, nimepita juzi. Kilichoniamulia si yale maandamano ya vijana ya kupinga kodi ya Juni 2024, ni mama. Nilidhani atalia, akaniuliza tu "huko glavu ziko?" tukacheka mpaka chai ikapoa. Shamba siuzi, mliosema niuze mnisamehe. Mtoto anabaki na nyanyake kwanza, na hapo ndipo usingizi hukatika.