Naenda India mara ya kwanza, nijue nini kabla sijatoka Mtwara?

Mkanju_wa_Tandahimba

Habari zenu wakuu. Mi nipo Tandahimba, tuna kikundi chetu cha kubangua korosho, watu kumi na wawili wengi akina mama, na msimu huu tumechangishana mmoja wetu aende India akaone mashine na namna wenzetu wanavyofanya, maana korosho zetu nyingi zinapakiwa melini pale Mtwara zikiwa na ganda lake na kazi yenye hela inaenda kufanyika huko. Tukapiga kura, ikaniangukia mimi. Sijawahi kutoka nje ya nchi, labda ile siku nilivuka Ruvuma kwenda msibani Msumbiji kama nayo inahesabika.

Sasa tatizo nikiuliza watu kila mtu ana India yake. Mmoja kaniambia beba sweta, mwingine anasema joto lile utalala na taulo lililoloa. Mmoja anasema nyama sahau utakula dengu wiki zote tatu, mwingine anasema alikula biriani la mbuzi mpaka akaomba ugali. Kuna aliyeniambia jifunze Kihindi kidogo, kuna aliyecheka. Wanaongelea nchi moja hawa? Naondoka Novemba panapo majaliwa. Naombeni ya msingi tu, hela, lugha, chakula (mi muislamu), usafiri, hali ya hewa. Na msiniambie nitafute gugo, nimetafuta nimezidi kuchanganyikiwa.

kusi_na_kaskazi

Mkuu wote wamekwambia kweli ila hakuna aliyekuuliza unaenda wapi, na hilo ndo swali lenyewe. India ina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 3.28 hivi, Tanzania yetu nzima na maziwa yake inaingia mara tatu na nusu, na watu wamepita bilioni 1.4, mwaka 2023 wameshawazidi Wachina kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Ina majimbo 28 na juu yake maeneo mengine 8 yaliyo chini ya serikali kuu, na kila jimbo lina chakula chake, maandishi yake, sikukuu zake. Huyo wa sweta alikwenda Delhi Januari, kule asubuhi ukungu mpaka ndege zinachelewa. Huyo wa taulo labda alikuwa hapohapo Delhi ila Mei, joto linafika 45.

Sasa wewe ni mtu wa korosho kwahiyo jibu lako linaitwa Kollam, jimbo la Kerala, kusini kabisa upande wa magharibi. Ndo mji wa korosho wa India, viwanda vya kubangua vimejaa pale na mle ndani wengi ni wanawake kama kikundi chenu. Basi acha kuuliza habari za India, uliza habari za Kerala. Ni kama Mhindi anakuja Newala halafu anaulizia baridi ya Arusha.

Kerala haitofautiani sana na huku. Minazi, mihogo, samaki, jasho. Kuna kitu mi kilinifurahisha, ule upepo wetu wa kusi unaowasumbua wavuvi wa Kilwa katikati ya mwaka, ukishavuka ikweta unapinda unawaingia wao kutokea baharini na mvua kubwa, inafika Kerala kwenye tarehe 1 Juni hivi mwaka hadi mwaka, na huko ndo mvua za nchi nzima zinakoanzia. Kwahiyo wakati huku kumekauka wao wanaloa. Novemba utakuta mvua yao ya pili, inakuja jioni na radi, beba mwavuli sweta acha.

Lugha, katiba yao imeorodhesha lugha 22. Serikali kuu inatumia Kihindi na Kiingereza lakini Kerala wanaongea Kimalayalam, ukivuka jimbo jirani la Tamil Nadu ni Kitamil, na maandishi ni mengine. Kihindi chako cha filamu kiache nyumbani, Kiingereza cha polepole kitakufikisha. Halafu wakikutikisia kichwa huku na huku kama mtu anayekataa usinune, mara nyingi ndo wamekubali hivyo au wanakwambia nimekusikia.

BintiMikindani

Kaka hongera kwa kura. Mi nilikaa Chennai miezi miwili nikimuuguza baba, hayo ya upepo sijui ila ya karatasi nayajua maana yalinitesa.

Viza unaomba mtandaoni mwenyewe, na hakikisha anuani ya huo mtandao inaishia na gov.in, kuna mingine imetengenezwa ifanane inakula hela yako. Mi nilipitia kwa ejenti mmoja Dar akanichaji mara mbili halafu akanijazia viza ya utalii wakati namsindikiza mgonjwa, na wenzetu wana viza ya mgonjwa na ya msindikizaji zimetengwa kabisa. Ikabidi tuanze upya na baba anaumwa. Wewe unaenda kuangalia mashine na kuongea na wauzaji basi jaza ya biashara, usidanganywe kwamba ya utalii ni rahisi. Pasi iwe na miezi sita mbele.

Kama ndege yako inapita Nairobi au Addis beba ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe siku 10 kabla au zaidi, kabla ya hapo haihesabiki. Wako wakali kwenye hili, wanakuweka karantini kweli. Nilimuona mama mmoja pale uwanjani anamwaga pochi yote sakafuni anatafuta kadi, vidonge, tasbihi, picha za wajukuu, kadi hakuna, alikuja kuikuta kwenye kasha la miwani.

Hotelini watachukua pasi yako waipige kopi na kukujaza kwenye fomu ya wageni, ni sheria yao ndani ya saa 24, usiogope. Laini ya simu nayo inataka pasi, viza na picha na siyo kila duka linaisajilia wageni, kwahiyo usitoke uwanja wa ndege hujauliza. Chaja zetu za pini bapa tatu hazichomeki kule, wanatumia za duara, nunua adapta Mtwara mjini kabla hujaondoka.

Na kitu nilichokipenda, kila bidhaa ya pakti ina bei imechapwa imeandikwa MRP, muuzaji haruhusiwi kuizidisha. Maji, biskuti, sabuni, unageuza chupa unasoma unalipa. Mi nilikuwa nabishana kwa mazoea tu kumbe bei ipo kwenye chupa.

Chikongola_boy

Nyie wote mmesahau la muhimu 😂 kule jimbo la Goa mabibo hawatupi, wanakamua wanachemsha wanapata pombe inaitwa feni, na ile mvuke wa kwanza, ile laini, unajua wanaiitaje? URRAK. Yani uraka ileile ya bibi zetu huku. Mreno ndo aliyeleta mkorosho kutoka Brazili pande zote mbili, naona na majina aliyatupia huku na huku. Hata kaju yao na kanju yetu ni neno moja.

Mkanju_wa_Tandahimba

Chikongola mi nimesema muislamu bwana 😂 ila hilo la kanju nimelipenda, nitawaambia akina mama.

Bint Mikindani asante sana dada, pole kwa baba na kwa huyo ejenti. Sasa hela. Nibebe dola au? Na kutoka ninakoshukia mpaka Kollam ni treni? Na chakula hamjajibu.

mzee_wa_ghala

Mwanangu nimeuza na kununua na wale watu miaka mingi, nikusaidie kwenye hesabu maana hapo ndo wageni wanaumia.

Rupia moja inacheza kwenye shilingi 30 hivi, angalia siku ukienda. Beba dola, badilisha kule, ila ukiwa na noti za zaidi ya dola 5,000 unatakiwa ujaze fomu forodhani, na hela ya kikundi usiifiche kwenye soksi halafu ukose cha kuwaeleza. Ukute wenyeji wote hata muuza chai ana kile kibao cha kuskani anapokea kwa simu, mfumo wao unaitwa UPI, wewe mgeni usiutegemee, tembea na noti ndogondogo. Noti kubwa iliyopo mkononi ni ya 500. Ya 2,000 waliiondoa kwenye mzunguko 2023, mtu akikurudishia chenji ya 2,000 mrudishie.

Sasa sikiliza. Wao wanahesabu kwa laki kama sisi, hili neno laki tumelitoa kwao, na pesa pia. Wakikwambia mashine ni laki tano wanamaanisha rupia 500,000, ambayo kwetu ni kama milioni 15, usije ukasikia laki tano ukarukia kusaini. Na wanaiandika 5,00,000, koma imekaa pengine, siyo makosa ya chapa. Juu ya laki wana krore, laki mia, yani milioni kumi. Safari yangu ya kwanza nililetewa karatasi ya kiwanda kidogo imeandikwa 2.5 Cr, mi kwa elimu yangu ya vitabu vya ghala nikajua Cr ni mkopo, nikawaza hawa watu wema wananikopesha. Kumbe ni krore mbili na nusu, rupia milioni 25! Nilikunywa chai yao nikaondoka taratibu.

Ukiwa kiwandani watakuonyesha madaraja, W180, W240, W320. Hiyo namba ni idadi ya punje nzima kwenye ratili moja, kwahiyo W320 ni punje 300 mpaka 320. Namba ikiwa ndogo punje ni kubwa na bei imepanda. Waombe wakuache ukae na wale akina mama wanaomenya ganda la ndani, usiishie kwenye mashine tu, punje nzima inavunjikia pale na ikishavunjika imeshuka bei. Mi naona hapo ndo kikundi chenu kitapata faida kuliko kununua chuma.

Usafiri, usishukie Mumbai kwa sababu tikiti ni nafuu, ukishuka Mumbai treni mpaka Kollam ni zaidi ya saa 24. Tafuta ndege ya Kochi au Thiruvananthapuram, miji ya hukohuko Kerala, kupitia Doha au Dubai zipo. Kutoka Thiruvananthapuram Kollam ni karibu, kama kilomita 65. Treni zao zinajaa, tikiti zinafunguliwa siku 60 kabla, ukikuta imeandikwa WL maana yake upo foleni huna kiti, usipande. Mjini utapanda bajaji, wenyewe wanaita auto, jina la bajaji ni la kampuni yao ya Pune tu.

Chakula huna shida. Kerala waislamu ni zaidi ya robo ya watu, misikiti ipo na halali ipo tele, samaki wa nazi utadhani umekaa Mikindani. Kwenye pakti angalia alama, kidoa cha kijani ndani ya mraba ni kitu kisicho na nyama. Ng'ombe usiulizie ovyo ukitoka nje ya Kerala, majimbo mengi kumchinja ni kosa la jinai.

kusi_na_kaskazi

Naongezea dogo. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hiyo nusu itakuchanganya ukipiga nyumbani. Dharura piga 112. Na wanaume wa Kerala wanavaa mundu, ni msuli huuhuu ila mweupe, wanaukunja juu ya magoti wakiwa kazini, mtu mzima akipita wanaushusha. Ukiwa na msuli wako jioni hakuna atakayekushangaa.

Mkanju_wa_Tandahimba

Nimewasomea akina mama hii yote leo chini ya mwembe. Sweta nimelitoa kwenye begi, la kukaa na wanaomenya wamelipitisha kwa kelele. Mwekahazina wetu kaandika ukutani kwa mkaa "krore 1 = milioni 10" na kasema nisaini chochote baada ya kumpigia yeye kwanza.

Swali la mwisho, nibebe korosho kidogo za zawadi?

mzee_wa_ghala

Upeleke korosho Kollam? Si bora upeleke pweza Kilwa. Tena mbegu na mazao mabichi forodhani wana maswali mengi. Beba kitenge.