Tupeane uzoefu: Mwanafunzi wa sekondari ya juu ajichagulie masomo mwenyewe, shule ijipange vipi?

Mwanzisha mada
Wakuu, nchi nyingi zinaacha tahasusi za kupangiwa (michanganyiko ya masomo iliyoandaliwa tayari) na kumwachia mwanafunzi achague masomo yatakayompeleka chuo kikuu. Hotuba tumezisikia za kutosha. Uzi huu ni wa wanaoifanya kazi yenyewe: wapanga ratiba, walimu wa masomo, watahini, washauri. Leteni hatua, hesabu, na mahali panapokwama.

MpangaRatiba
Naanza na ratiba kwa sababu ndiko uhuru mwingi unakofia. Tuseme waraka unataka mwanafunzi achague masomo 4 kati ya 12. Kihesabu hiyo ni michanganyiko 495. Hakuna shule inayoweza kuandaa ratiba 495, na haihitaji. Inachohitaji ni safu 4. Masomo ya safu moja yanafundishwa saa ile ile, na kila mwanafunzi anachukua somo moja katika kila safu.

Wengi wanachora safu kwanza, ndipo wanawaita wanafunzi wachague. Hapo umerudisha tahasusi zilezile kwa jina jipya. Anza na fomu: masomo 4 kwa mpangilio wa umuhimu, na 2 ya akiba. Kisha chora jedwali, masomo yote juu na yaleyale ubavuni. Kila kisanduku kijaze idadi ya wanafunzi wanaotaka masomo hayo mawili kwa pamoja. Kikisoma 0, masomo hayo yaweke safu moja, hayamgongi mtu. Kikisoma 40, yatenganishe. Masomo yenye darasa moja tu yapangwe mwanzo maana hayana pa kukimbilia. Hisabati yenye madarasa matatu isubiri, itaingia kwenye safu zilizobaki.

Sasa hesabu ya walimu. Wanafunzi 120 mara masomo 4 ni viti 480. Ukomo ukiwa 30 kwa darasa, karatasi inakwambia madarasa 16. Haitokei hivyo hata siku moja. Somo lenye wanafunzi 34 linataka madarasa mawili, lenye 9 linataka lake. Tenga 20. Kwa vipindi 5 kwa wiki, hayo manne ya ziada ni vipindi 20, karibu mzigo wa mwalimu mzima. Asipotafutwa mapema, wiki ya kwanza ya muhula unaanza kufuta masomo madogo, na waliofutiwa ndio hasa mageuzi yalikuwa kwa ajili yao.

Mwalimu wa Kemia
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila safu ziangaliwe na upande wa maabara. Wapangaji hupenda kusambaza vipindi 5 kwa siku 5, kimoja kimoja, jedwali lipendeze. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi titresheni (jaribio la kupima ukolezi wa myeyusho): kusuuza bureti, yaani mrija wenye vipimo, kwa myeyusho utakaotumika, kuijaza na kutoa kipovu kwenye ncha, jaribio la awali, kisha usomaji unaorudiwa mpaka tofauti isizidi 0.1 ya mililita, halafu usafi. Mwanafunzi anakatizwa kwenye usomaji wa pili, na mwalimu anaishia kuandika majibu ubaoni. Kila safu yenye somo la sayansi iwe na walau vipindi viwili mfululizo mara moja kwa wiki. Na kama maabara ni moja, masomo mawili ya sayansi yakikaa safu moja, mlipangie kila moja wiki yake ya maabara kabla muhula haujaanza.

Mtahini
Ratiba ikikaa sawa, bado mfumo wa alama unaweza kuharibu kila kitu. China mwaka 2014 iliruhusu Shanghai na Zhejiang zianze mfumo mpya: masomo matatu ya lazima na matatu ya kuchagua. Alama za masomo ya kuchagua zilitokana na nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa waliofanya somo hilohilo. Fizikia hukimbiliwa na wenye uwezo mkubwa, kwa hiyo mwanafunzi wa kati aliona akiingia humo atasukumwa chini hata kama analielewa somo. Wengi wakaiacha fizikia. Mikoa mingi iliyoingia baadaye ilibadilisha: kwanza unachagua fizikia au historia, kisha masomo mawili kati ya manne. Michanganyiko ni 12 badala ya 20 ya Shanghai, lakini alama ya fizikia inabaki ilivyo, na wa fizikia wanashindania nafasi za chuo na wenzao wa fizikia. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi. Uhuru mpana wenye adhabu iliyojificha ndani ya alama haumsaidii mtoto.

Mshauri wa Wanafunzi
Kwangu kazi inaanzia chuo kikuu na kurudi nyuma. Chukua sifa za kujiunga na kila fani, zigawe mara mbili: somo la lazima na somo linalopendelewa. Jedwali hilo mwanafunzi alione kabla ya kushika fomu.

Ufaransa ilifuta mikondo ya fasihi, uchumi na sayansi kuanzia 2019. Mwanafunzi akawa anachagua masomo matatu ya kubobea, na mwaka wa mwisho anaacha moja. Hisabati nayo ikawa ya kuchagua, na wengi wakaiacha, wasichana zaidi. Mwaka 2023 serikali ikarudisha saa moja na nusu kwa wiki kuwa lazima kwa mwaka wa kabla ya mwisho, kwa wasiobobea hisabati. Ufini nako, tangu 2020 vyuo vikuu vilipoanza kuchukua zaidi ya nusu ya wanafunzi kwa matokeo ya mtihani wa mwisho, hisabati ndefu (kozi pana zaidi ya hisabati) ilibeba pointi nyingi kiasi kwamba hata wasioihitaji kwenye fani zao waliichagua. Kwa hiyo jedwali la pointi za kujiunga na chuo mlisome pamoja na mwanafunzi, mstari kwa mstari.

Jingine ni dirisha la kubadili. Wiki tatu hadi nne zinatosha. Chini ya hapo hajalionja somo, zaidi ya hapo anakuta mada nzima imempita.

Mgeni Jukwaani
Asanteni wakuu. Shule yenye walimu 9 na wanafunzi 45 ifanyeje? Mbona hesabu hizi zote ni za shule kubwa?

MpangaRatiba
Swali zuri, ndugu. Njia ni mbili. Ya kwanza, somo dogo lifundishwe kwa miaka yote miwili pamoja, kundi A la mada mwaka huu na kundi B mwakani. Inafaa historia, fasihi au jiografia, ambazo mada zake hazitegemeani sana. Hisabati na kemia usijaribu. Ya pili, shule mbili au tatu zikubaliane safu moja ifanane siku na saa, mfano Jumanne na Alhamisi mchana, na kila moja ifundishe somo ambalo wengine hawana. Korea Kusini, iliyoanza 2025 mfumo wa krediti (vipimo vya masomo ambavyo mwanafunzi anakusanya mpaka ahitimu) kwa krediti 192 za kuhitimu, inatumia masomo ya pamoja kati ya shule na madarasa ya mtandaoni kwa sababu hiyohiyo. Andikeni mapema nani anatunza mahudhurio na nani anatoa alama za mazoezi. Hapo ndipo shule hugombana.