Naomba ushauri: kuagiza gari dogo kuukuu la Ulaya nikiwa Dodoma

Mkazi wa Ilazo

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mtumishi wa umma ninayeishi Ilazo na kufanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, na kila mwisho wa mwezi huenda Kondoa kumjulia hali mama. Kwa miaka sita nimeendesha Toyota IST ambayo haijanidai zaidi ya oili, bushi na betri, wala sina ugomvi nayo. Ila tangu nilipopanda Volkswagen Golf ya mwenzangu wa ofisini na kusikia jinsi mlango wake unavyojifunga kwa kishindo kimoja kizito, kama mlango wa ghala, nimekosa amani kila ninapofunga mlango wa kwangu.

Nina shilingi milioni 20, na fedha hizo lazima zimalize kila kitu: bei, meli, ushuru, wakala na namba. Nimekuwa nikitazama Golf za mwaka 2006 hadi 2012, Polo, Audi A3, BMW 116i na Peugeot 207. Kinachonishangaza ni kwamba bei zake kule Japani hukaribiana na za IST, na nyingine ziko chini kabisa, ilhali zilipokuwa mpya hazikuwa hata jirani. Naomba kuelezwa siri iko wapi, na ipi kati ya hizo inaweza kuishi Dodoma.

Tena yupo jirani yangu anayeniambia kwamba kwa fedha hizohizo ninaweza kupata Mercedes-Benz kubwa yenye viti vya ngozi, na kwamba anayenunua Golf anaogopa maisha. Je, ana hoja?

Dereva wa Manyoni

Kaka, baki na IST yako. Usiku ukiharibikiwa Kibaigwa utapata spea ya IST kabla chai yako haijapoa. Ya Peugeot utaisubiri mpaka basi la kesho.

Wakala Mstaafu

Ndugu Mkazi wa Ilazo, nimefanya kazi ya kutoa magari bandarini kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Dodoma, basi niruhusu nijibu upande wa fedha na kuwaachia mafundi upande wao.

Siri ya bei si kubwa. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo huambatana na kodi, bima na matengenezo ambayo mwenye gari la Ulaya hulipia zaidi kuliko mwenye Toyota. Gari likishazeeka, mwenyewe huona ni heri kuliuza kuliko kulipeleka kwenye ukaguzi mwingine. Wanunuzi wa Afrika Mashariki nao hugombania Toyota, kwa hiyo Golf hubaki mnadani ikiwa na bei ya huruma. Unachokiona si zawadi, bali ni gharama ambayo mtu wa Nagoya amekataa kuibeba na sasa anakutafuta wewe uibebe.

Sasa tuje kwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato. Tanzania haizuii gari kuukuu kama wafanyavyo jirani zetu wa Kenya, ambao hawapokei gari lililozidi miaka 8; sisi tunalipokea, kisha tunalitoza. Chukua gari la petroli la cc 1,600, lenye umri unaozidi miaka 10, ambalo mamlaka imelithamini kwa dola 3,000 pamoja na usafiri na bima. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni dola 750. Ushuru wa bidhaa hukokotolewa juu ya jumla hiyo ya 3,750: asilimia 5 kwa ukubwa wa injini ni dola 187.50, na asilimia 30 kwa uchakavu ni dola 1,125. Juu ya vyote huja VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, ambayo ni takribani dola 911. Umefika karibu dola 2,974 kabla ya tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, ukaguzi wa TBS (Shirika la Viwango), usajili na posho ya wakala wako. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15 ya uchakavu badala ya 30, na kwa mfano wetu jumla ingeshuka hadi dola 2,310. Kikokotoo cha TRA kipo kwenye tovuti yao; kitumie siku unayotaka kulipa, kwa sababu Sheria ya Fedha huja na mambo mapya kila Julai.

Angalia pia neno "imelithamini". Mamlaka hutumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, na risiti ya muuzaji inayoonyesha dola 900 haitakusaidia sana.

Jambo lingine linalowaponza wengi ni mwaka wa gari. Hati ya Japani huonyesha tarehe ya usajili wa kwanza, na gari lililosafirishwa kutoka Ujerumani linaweza kuwa limekaa miezi mingi kabla ya kusajiliwa. Niliwahi kumtolea mteja gari alilouziwa kama la 2010, kumbe liliundwa 2009, na tofauti hiyo ikamsukuma kwenye kundi la juu la uchakavu. Omba namba ya chesesi kabla ya kulipa. Kwa Volkswagen na Audi, herufi ya kumi ndiyo inayotaja mwaka wa modeli: 8 ni 2008, 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011.

Ukiagiza Uingereza, utapata magari mengi yenye gia za mkono na ya dizeli, usukani upande wetu, lakini odomita inasoma maili na barabara zao humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo lazima uone picha za uvunguni. Faida yao kubwa ni kwamba ukiwa na namba ya usajili unaweza kusoma bure mtandaoni historia ya ukaguzi wa kila mwaka, pamoja na maili zilizosomwa siku hiyo. Na ukiagiza Japani usidhani kila gari lina usukani wa kulia; kuna watu kule walioona fahari kuendesha gari la Ulaya lenye usukani wa kushoto, hasa hayo makubwa anayoyapenda jirani yako.

Fundi wa Nzuguni

Kaka, nimesoma orodha yako, na ningependa kuanza na kitu ambacho hukukitaja kabisa: gia boksi. Watu huchagua Golf kwa rangi na mwaka, lakini kinachotofautisha Golf moja na nyingine ni kile kilichofungwa nyuma ya injini.

Golf 5, yaani toleo la tano, ya 1.6 au 2.0 isiyo na taboo (turbo), ambayo iliuzwa sana Japani, ina otomatiki ya kawaida ya gia 6, inayofanya kazi kwa mafuta kama otomatiki unazozijua. Golf 6, na Polo zilizotoka kuanzia mwishoni mwa 2009, nyingi zililetwa Japani zikiwa na gia 7 za klachi mbili kavu. Gia hiyo hubadilika kwa wepesi wa ajabu na hunusa mafuta tu, lakini haipendi joto na mwendo wa kusota. Mwaka 2013 Volkswagen yenyewe iliyaita magari yapatayo milioni 1.6 duniani ili mafuta ya gia hiyo yabadilishwe kutoka ya sintetiki kwenda ya madini, hususan kwa ajili ya nchi za joto. Wewe utasema Dodoma haina foleni. Ni kweli, mpaka siku utakaposimamishwa saa nane mchana kupisha msafara, gari likisogea hatua moja, likisimama, likisogea tena.

Ukienda kwenye Golf 6 ya 1.4 yenye taboo, ongeza habari ya cheni ya taimingi. Injini za familia ile zilijulikana kwa cheni kulegea, na dalili yake husikika sekunde mbili tatu za kwanza gari linapowashwa likiwa baridi: mlio mkavu, kama mtu anayetikisa kopo lenye misumari, kisha kimya. Muuzaji mjanja huliwasha gari kwanza, halafu ndipo akurekodie. Mwambie akurekodie video isiyokatwa, aanze kwa kuonyesha geji ya joto ikiwa chini kabisa, boneti ikiwa wazi, kisha awashe. Asipotaka, umeshapata jibu.

Audi A3 ya 2003 hadi 2012 ni ndugu wa Golf chini ya ngozi, kwa hiyo spea nyingi za miguu zinaingiliana, na hesabu za gia na cheni ni zilezile. Unalipia pete nne na dashibodi nzuri zaidi. BMW 116i ni tamu barabarani kwa kuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, lakini nyingi zilitoka kiwandani na matairi magumu yanayotembea bila upepo, na ndiyo maana hazina tairi la akiba. Jiulize utafanya nini likipasuka katikati ya njia ya Kondoa. Peugeot 207 ya 1.6 ina injini iliyobuniwa kwa ushirikiano na BMW, injini inayotaka oili sahihi na kwa wakati, na otomatiki yake ya gia 4 inahitaji fundi anayeifahamu. Mimi naifahamu kidogo, na kwa Dodoma hilo si jibu la kutosha. Hukuitaja Mercedes A-Class ya zamani, nami nakushukuru, kwa sababu injini yake imelazwa chini kuelekea miguuni pa abiria, na kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya siku nzima.

Kwa hiyo mimi ningeagiza Golf 5 yenye otomatiki ya kawaida. Matangazo huandika "otomatiki" kwa gia zote mbili, basi usiamini tangazo. Kwenye buti, ndani ya shimo la tairi la akiba, kuna stika nyeupe yenye namba ya chesesi, herufi za injini, herufi za gia na namba ya rangi. Omba picha ya stika hiyo. Hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gari.

Likifika, mambo mawili tu. Chujio la hewa ulifungue kila baada ya miezi mitatu. Vumbi la Ihumwa huliingia mpaka likawa na rangi ya tofali. Na kwenye rejeta usitie maji ya kisima. Nilifanya kosa hilo mwenyewe kwenye gari langu la kwanza la Ulaya, nikiwa Chamwino na haraka zangu, na baada ya mwaka mmoja nilipofungua mpira wa rejeta nilikuta magamba meupe kama yale ya ndani ya birika. Plastiki ya pampu ilikuwa imeshapasuka. Tafuta kulanti sahihi, yaani maji maalumu ya kupozea injini, uweke galoni moja kwenye buti.

Mkazi wa Ilazo

Nawashukuru sana. Fundi, je, spea za Golf 5 zinapatikana hapa mjini, au kila kitu ni Dar es Salaam?

Fundi wa Nzuguni

Plagi, chujio, breki na bushi utapata hapa. Koili, sensa na vitu vya gia huagizwa Kariakoo au Gerezani, na hufika kwa basi siku ya pili. Agiza kwa namba ya chesesi kila mara, kwa sababu Golf mbili za mwaka mmoja zinaweza kuwa na breki za ukubwa tofauti. Na katika milioni zako 20, kama 3 hazitabaki mfukoni siku gari linapotoka bandarini, basi umenunua gari lililokuzidi.

Mzee wa Area C

Kijana wangu, hilo la jirani yako niachie mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa yeye.

Nilistaafu, nikapokea mafao, nikaagiza gari kubwa la Ulaya, jeusi, la silinda 8, ambalo jina lake nitalisitiri. Kwa miezi mitano nilisalimiwa na walinzi ambao hawakuwa wamenisalimia miaka kumi. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Dodoma ikiwa imekaza, nilitoka na kulikuta limepiga magoti mbele kama ngamia anayepakiwa mzigo. Shokapu zake zilikuwa za upepo, na moja ilikuwa imevuja usiku kucha. Bei ya moja, pamoja na pampu iliyoungua kwa kujaribu kuijaza, ilikaribia theluthi ya fedha nilizolinunulia. Gari la kifahari hushuka bei kila mwaka, lakini spea yake haijui kwamba gari limezeeka. Inauzwa kwa heshima ya lilipokuwa jipya.

Kumbuka pia kwamba injini inayozidi cc 2,000 hutozwa asilimia 10 badala ya 5, na tairi za inchi 19 hazipendi matuta ya njia ya Morogoro wala makorongo ya mitaa yetu. Wenye mashangingi unaowaona wakati wa Bunge la bajeti hawajazi mafuta kwa mshahara wao. Na kwa taarifa yako, Land Cruiser ya 300 inayoitwa "V8" na kila mtu mjini hapa ina injini ya V6.

Mkazi wa Ilazo

Mzee wangu, shikamoo, na pole kwa yaliyokukuta. Jirani nimemsomea maelezo yako na amesema wewe uliuziwa bovu.

Nimempata muuzaji wa Yokohama mwenye Golf 5 ya rangi ya fedha, kilomita 68,000, nikamwomba picha ya stika ya kwenye buti. Ameituma usiku huu, lakini imechanika upande mmoja. Kwenye injini nasoma herufi B na L tu, ya tatu haipo, na mstari wa gia umeondoka wote. Tangazo limeandika "otomatiki".

Fundi wa Nzuguni

BLF ni 1.6 ya kawaida, ndiyo unayoitaka. BLG ni 1.4 yenye taboo na supachaja pamoja, na hiyo huja na gia ya klachi mbili. Stika ya pili kama hiyo hubandikwa ndani ya kitabu cha huduma, kurasa za mwanzo. Mwombe aipige picha, na usitume hata dola moja mpaka uione herufi ya tatu.