Kafyu ikirudi, mama mwenye uchungu aombe ruhusa ya kwenda kuzaa?

Bint Mtongwe:
Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Kila tukiikumbuka korona hapa Mombasa tunazungumza barakoa, chanjo na biashara zilizokufa. Wazazi, yaani wajawazito na wanaojifungua, tunawapita. Leo nauliza swali moja: serikali ikitangaza tena kafyu kwa ajili ya ugonjwa wa kuambukiza, je, mja mzito, anayemsindikiza na anayemwendesha waondolewe kwenye amri tangu siku ya kwanza, bila barua wala kibali? Mimi nasema waondolewe, na iandikwe.

Tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 13, 2020. Machi 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na jioni ile ile polisi walirusha vitoa machozi na kupiga watu waliopanga foleni ya feri Likoni wakirudi makwao, saa ya kafyu yenyewe haijafika. Mtu aliyeona yale angempakia mkewe usiku kwa moyo gani? Aprili 8 Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa. Mei 6 Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake. Saa za kafyu zilibadilishwa mara kadhaa, lakini haikuondolewa mpaka Oktoba 20, 2021.

Amri ile ilitaja huduma muhimu zisizozuiwa na kafyu. Daktari alikuwemo, muuguzi alikuwemo, hata muuza petroli alikuwemo. Hakuwemo wa bodaboda, wala wa tuktuk, wala jirani mwenye gari. Sasa niambieni, mama wa Mtongwe, wa Mikindani au wa Kisauni hufika hospitalini na nini usiku? Mkunga aliruhusiwa kumngoja mama, na aliyemleta mama hakuruhusiwa kutoka.

Wifi yangu alishikwa na uchungu wakati huo, mimba ya kwanza, isha imeshapita. Dereva tuliyemzoea alizima simu. Wa pili alikuja kwa masharti: mama akae upande wa nje tumbo lionekane, taa ya ndani iwake njia nzima, na kitabu cha kliniki kishikwe mkononi, kisitiwe mkobani, ili askari akimulika tochi akione kwanza. Kizuizini bado tuliulizwa barua. Barua ya nani, saa ile? Tulipofika, mlinzi wa lango akasema anaingia mgonjwa peke yake. Mamake akabaki nje, na mtoto wa watu akaingia leba bila wa kumkanda kiuno. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Lakini mzazi anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na kafyu ya mwanzo ilikuwa ya saa kumi.

Tena haya yalikuwa yanajulikana. Ebola iliua zaidi ya watu 3,900 Sierra Leone, na watafiti wakakadiria kwamba mwaka 2014 na 2015 wazazi na watoto wachanga wa ziada kama 3,600, pamoja na waliozaliwa wamekufa, walipotea kwa kukosa au kuogopa hospitali. Idadi hizo mbili zinakaribiana.

Mzee wa Kibokoni:
Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na namwonea imani wifi yako. Lakini mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale. Nyumba zetu mwazijua: ngazi moja, familia kadhaa, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ugonjwa ukiingia chini umeshafika juu. Tulizika watu wetu kwa mazishi ya mbio, wanaume wachache, wengine wakisoma dua majumbani. Tulipofungiwa hatukufurahi, ila wengine wetu tulielewa.

Amri ikiachwa na mlango, wenye hila ndio hupita mwanzo. Utaona mtu amefunga mto ndani ya buibui, na nyuma yake gari limejaa wanaokwenda arusini. Kwa hivyo mimi nasema kila mtaa usajili kwa chifu madereva wawili watatu wanaojulikana, wapewe kadi, mama aende nao hao tu. Kibali kiwepo, ila kitolewe mapema.

Tuktuk ya Kisauni:
Mimi ndiye mwenye chombo. Shikamoo mzee, kadi naitaka, lakini kadi haikuwa shida yangu kubwa. Shida ilikuwa kurudi. Ukienda una mama, askari anaona. Ukirudi uko peke yako, saa saba za usiku, tuktuk tupu. Nani atakuamini umetoka hospitalini? Wenzangu walilala nje ya hospitali mpaka alfajiri, kiti cha nyuma kimeloa maji ya uzazi, nauli ya usiku mmoja. Baadaye mtu akikupigia simu unasikia uzito. Si roho mbaya.

Mkunga wa Changamwe:
Nimekuwa leba miaka mingi na nitasema ya ndani, kwa sababu mnazungumza kama kwamba mama akishavuka kizuizi mambo yamekwisha.

Suala la kumzuia msindikizaji, tuelewane. Mwanzo vifaa vya kujikinga vilikuwa haba, wenzetu waliugua, na kila mtu anayeingia alionekana hatari. Sikuwahi kuipenda sheria ile hata siku moja. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka huo huo wa 2020 kwamba mama, hata akiwa na korona, ana haki ya kuwa na mtu wake anayemchagua, na anyonyeshe, na mtoto awekwe kifuani pake. Mtu mmoja mwenye barakoa, asiyetoka akarudi, haongezi hatari kama mnavyodhani. Anapunguza kazi: ndiye anayekuita damu ikizidi wakati wewe umeshika mtoto wa kitanda cha pili. Wodi ya usiku ina wakunga wangapi? Mnajua wenyewe.

Lakini kuna jambo mmelisahau nyote, uzazi wa mpango. Sindano ya miezi mitatu haingoji kafyu ikwishe. Mama tarehe yake imefika, ameambiwa kaa nyumbani, matatu ya watu kumi na nne inachukua wanane na nauli imepanda, na kliniki anaiogopa kwa sababu ndiko wanakopelekwa wenye korona. Anasema nitakwenda wiki ijayo. Baada ya miezi michache namwona tena, amekuja kufungua kitabu cha mimba ambayo hakuipanga, mumewe hotelini ameachishwa kazi. Hao hakuna aliyewahesabu kama walioumizwa na kafyu. Ningekuwa naandika amri mimi, ningeanza na hao: mwenye kutumia vidonge apewe vya miezi kadhaa kwa mkupuo, anayetaka kijiti cha mkononi au koili ya kizazi awekewe kabla milango haijafungwa, na mhudumu wa afya wa mtaani apewe dawa azipeleke nyumbani.

Na mgomo je? Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, madaktari wakafuata, wakidai vifaa, bima na haki zao. Wakati huo kafyu ilikuwa inachelewa kuanza kuliko mwanzo, barabara ina nafasi, na mama wa hospitali ya serikali akafika akakuta hakuna wa kumpokea. Mwenye pesa alikwenda ya binafsi. Asiye nazo alirudi kwa mkunga wa nyumbani. Bint Mtongwe, amri yako haikutibu hilo.

Wakili wa Tononoka:
Kwa ufupi upande wa sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na kinataja afya ya uzazi kwa jina. Kinaendelea kusema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Aprili 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Chama cha Mawakili, ilisema kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu iliyotumiwa na polisi kuitekeleza ilivunja Katiba. Kwa hivyo mzee yuko sawa kwamba serikali ina uwezo wa kufunga. Lakini haki mama anayo tayari, na ndiyo maana siipendi kadi. Kadi huigeuza haki kuwa fadhila ya chifu. Na asiye na kitambulisho je? Mhamiaji, au msichana wa miaka kumi na sita anayeficha mimba?

Bint Mtongwe:
Mkunga, umenifunza, na la sindano nalichukua lote. Mgomo ni kweli, amri ya kafyu haiuzuii. Lakini siwezi kuacha la barabara kwa sababu na la wodi lipo.

Mzee wangu, la mto ndani ya buibui nalijibu kwa heshima. Tuseme wapo. Askari akidanganywa, hasara yake ni watu kadhaa wamefika arusini. Asipodanganywa na akamrudisha mwenye uchungu wa kweli, hasara ni maiti mbili. Sheria lazima ichague ikosee upande upi. Kadi nitaikubali kama msaada kwa dereva, hasa wakati wa kurudi kama alivyosema kaka wa Kisauni. Sitaikubali kama sharti kwa mama.

Na tusiambiwe haiwezekani. Nairobi, mwaka 2020, daktari wa uzazi Jemimah Kariuki aliona wazazi hawafiki usiku au wanafika wamechelewa, akaanzisha Wheels for Life: mama alikuwa akipiga simu bila malipo, akizungumza na daktari, na ikibidi akitumiwa teksi au ambulensi. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likampa tuzo. Kama daktari mmoja na wenzake waliweza, kaunti yenye bajeti inaweza. Kwetu hapa ianzie namba moja ya simu, na karani wa namba hiyo ndiye ampe dereva ujumbe wa kurudia nyumbani.

Mzee wa Kibokoni:
La simu naliafiki, maana askari naye ataipiga athibitishe. Msindikizaji mmoja, naafiki. Jirani yeyote mwenye gari, hapo bado sijaafiki, na wakili asinilazimishe. Nimezika.

Tuktuk ya Kisauni:
Hamjataja feri. Mama yuko Likoni, ng'ambo ya kivuko, anahitaji kupasuliwa, anapelekwa Makadara, hospitali kuu kisiwani. Karani wa simu atamwamrisha nahodha?

Bint Mtongwe:
Hapana, hana amri hiyo. Ndiyo maana nataka iandikwe katika amri yenyewe: chombo chenye mzazi kikifika kivukoni, kinavushwa, saa yoyote. Wakili, tuandikie sentensi hiyo hapa tuijadili.