Filamu ya tamaa ya dhahabu: Sierra Madre, ya Leone au ya Stroheim?

Mwanasinema: Wakuu, wapwa zangu wawili wa sekondari wanakuja likizo. Nataka tuangalie filamu moja ya zamani inayoonyesha mali inavyomgeuza mtu. Nimebaki na tatu: The Treasure of the Sierra Madre (1948), The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone (1966) na Greed ya Erich von Stroheim (1924). Nianze na ipi?

Binti Tanga: Sierra Madre. Wale watatu wa Leone wanaingia wameshaharibika, wewe unasubiri tu nani atamwahi mwenzake. Dobbs wa Humphrey Bogart anaanza kama mimi na wewe: yuko Tampico, Meksiko, hana kazi, akishinda bahati nasibu anamwongezea mwenzake Curtin hela ya safari ya kutafuta dhahabu bila kinyongo. Dhahabu ikianza kutoka, ni yeye yule anayetaka igawanywe papo hapo, kila mtu afiche yake. Subirini pale mjusi wa sumu anapoingia chini ya jiwe. Curtin anataka kulinyanyua amuue, Dobbs anamwelekezea bunduki kwa sababu fuko lake la dhahabu liko humo. Curtin anamwambia: haya, ingiza mkono wako uchukue. Mkono hauendi.

Jongoo wa Mwanza: Dada, vijana wa leo na filamu isiyo na rangi? Watalala. Mpe Leone: Tuco, mmoja wa wale watatu, anavyokimbia katikati ya makaburi akitafuta dola 200,000, na muziki wa Morricone unapanda naye. Hapo huhitaji maelezo, tamaa unaiona miguuni.

Mchekechaji: Nimekulia Chunya, machimboni, na niko na Binti Tanga. Mzee Howard, mwenzao wa tatu Dobbs na Curtin, ni mchimbaji kweli. Wenzake wanashangilia mawe yanayometameta tu, yeye anacheza ngoma kwa sababu dhahabu yenyewe wanaikanyaga. Na kabla ya kuondoka anawalazimisha kuurudisha mlima ulivyokuwa. Mashimo mangapi kwetu yameachwa wazi hadi ng'ombe wanatumbukia? Walter Huston alipata Oscar kwa kazi hiyo, na mwanawe John, aliyeongoza, akapata mbili. Haki yao kabisa.

Mama Neema: Greed msiidharau. Trina analala juu ya sarafu zake huku nyumba inakosa chakula, na mwisho wa mumewe McTeague jangwani Death Valley unatisha kuliko yote. Ila haina sauti, na studio iliikatakata vibaya, iwekeni baadaye. Kuhusu Sierra Madre, waambie wapwa wasibebe picha ya majambazi peke yake kuhusu Wameksiko. Wanakijiji wanaomwita Howard amtibu mtoto aliyezama ndio wenye utu kuliko wote mle.

Mwanasinema: Nimewaelewa, ahsanteni. Jumamosi ni Sierra Madre, Tuco wiki inayofuata. Mwenye nakala safi yenye maandishi chini aniambie ameipata wapi.